Kiingilio Kimelipwa, Muziki u Wapi?

Mfanyakazi akinunua jozi ya viatu siku ya mshahara, kisha soli ikabanduka kabla hajafika nyumbani, hapana mtu atakayemcheka. Jirani zake watamwambia avirudishe dukani, na pengine watamsindikiza ili mwenye duka asimfanyie ujeuri. Lakini mfanyakazi yule yule akitoa fedha ile ile kwenda kuisikiliza bendi yenye jina kubwa, akasimama saa tatu akingoja, kisha akapigiwa muziki mbovu wa nusu saa, siku ya Jumatatu atakapolalamika kazini ataambiwa, "Nani alikutuma? Si ulikwenda kustarehe?" Basi hunyamaza. Na mwaka ukipita, bendi ile ikitangazwa tena, hupanga foleni kama mwanzo.

Sisi twaona kwamba malalamiko hayo ni ya haki, na yastahili kutazamwa kama yatazamwavyo malalamiko mengine juu ya kazi iliyolipiwa kisha isifanywe. Muziki ni kazi. Apigaye gitaa huuza ujuzi wake na jasho lake kama auzavyo fundi wa cherehani au dereva wa lori. Wapo wasemao kwamba sanaa haina mizani, na kwamba ladha ya mtu mmoja si ladha ya mwingine. Maneno hayo yana kweli kwa kiasi chake. Lakini gitaa ambalo nyuzi zake hazikupatanishwa hutambulikana hata na mtu asiyejua kulishika, na mwimbaji aliyechelewa saa mbili amechelewa saa mbili kwa saa ya kila mtu.

Lililo gumu kueleweka ni hili. Bendi mbovu kupiga vibaya si habari. Lakini yawaje bendi ambayo santuri zake zapendwa ulimwengu mzima, na ambayo watu wake ni mafundi wasio na shaka, ipande jukwaani mbele ya maelfu na kutoa kitu ambacho bendi ya arusi ingekionea haya? Jibu la upesi ni kwamba ni ulevi, au kiburi, au uchovu wa safari. Yote hayo yapo. Hata hivyo, ukiyachunguza matukio yaliyo mashuhuri zaidi utakuta sababu nyingine iliyolala chini ya hizo: aghalabu bendi huharibika pale inapokuwa hailazimiki tena kutazamana uso kwa uso na wasikilizaji wale wale kesho yake.

Hapana mfano ulio bora kuliko wa vijana wa Liverpool, Uingereza, waitwao The Beatles. Mwezi wa Agosti 1960, wakiwa watano wakati huo, na hawajulikani na mtu, walikwenda Hamburg, Ujerumani, kupiga muziki katika vilabu vya mtaa wa St. Pauli, mtaa wa mabaharia na walevi. Walianza katika klabu ndogo iitwayo Indra, wakahamishiwa Kaiserkeller. Kazi yao ilikuwa saa nne na nusu kila usiku, na siku za mwisho wa juma saa sita. Mwenye klabu hakutaka vijana wa kusimama kama vigogo, na alikuwa akiwapigia kelele wachangamke. Alikuwa na sababu. Mlevi wa Hamburg asipofurahishwa hutoka na kuingia mlango wa pili, na bia yake huenda nayo mlango wa pili. Hivyo vijana hao walijifunza nyimbo nyingi mno, kwani huwezi kuzijaza saa sita kwa nyimbo kumi. Na walijifunza kumtazama mtu usoni wakajua kama amechoka.

Waliporudi kwao walipiga katika klabu ya Cavern, iliyokuwa chini ya ardhi katika Mathew Street, zaidi ya mara 200 kabla ya mwaka 1963 kwisha. Wengi husahau kwamba mara nyingi walipiga mchana, wakati wa chakula. Makarani, wapiga taipu na wauza maduka walishuka ngazi na mkate wao mkononi, wakasikiliza, wakarudi kazini. Ilikuwa katika saa hiyo ya chakula, mwezi wa Novemba 1961, kwamba mwenye duka la santuri aitwaye Brian Epstein aliteremka kuwatazama, akawa meneja wao. Wale waliowasikia siku hizo hawakulalamika. Msichana aliyesikia wimbo umekwenda upande siku ya Jumanne aliweza kuwaambia siku ya Jumatano, kwa maana alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwao.

Sasa tuhame tuende New York, tarehe 15 Agosti 1965. Bendi ile ile, wakiwa wanne, imekuja kupiga katika Shea Stadium, uwanja uliojengwa kwa ajili ya mchezo wa besiboli. Watu 55,600 wamelipa. Mlangoni zimepatikana dola 304,000, na sehemu ya bendi ni dola 160,000. Kwa fedha hizo walipiga nyimbo 12, kwa muda wa nusu saa hivi. Wenzao walitangulia kupiga, kama desturi ilivyokuwa, lakini watu hawakuja kwa ajili ya hao.

Je, walisikika? Magitaa yalikuwa na vikuza sauti vya wati 100 kila kimoja, vilivyotengenezwa na kiwanda cha Vox, na wakati ule vilionekana ni vikubwa kupita kiasi. Sauti za waimbaji zilipitishwa katika vipaza sauti vya uwanja, vile vile ambavyo siku nyingine hutangazia majina ya wachezaji wa besiboli. Na juu ya hayo yote vilitanda vilio vya vijana, bila kukoma tangu mwanzo hadi mwisho. Siku hizo spika za kumrudishia mwimbaji sauti yake mwenyewe zilikuwa bado hazijawa jambo la kawaida, hivyo hata wapigaji hawakujisikia. Ringo Starr, mpiga ngoma wao, alieleza baadaye kwamba aliwatazama wenzake kwa nyuma, jinsi vichwa na viuno vyao vilivyotikisika, ili ajue wimbo umefika wapi. Hebu fikiri: mtu aliyepewa kazi ya kushika mwendo wa bendi nzima, autafuta mwendo huo kwa macho!

Tamasha lile lilipigwa picha za sinema. Nazo zilipotazamwa, ilionekana kwamba sauti iliyonaswa haifai. Mwezi wa Januari 1966 wanamuziki waliingia studio London wakazirekebisha nyimbo kadhaa, na nyingine wakazipiga upya, ili filamu iweze kuonyeshwa. Wapo watakaosema kuwa huo ni ufundi wa kawaida wa sinema. Na iwe hivyo. Lakini waliokaa sebuleni wakaitazama filamu walipata muziki uliokuwa bora kuliko ule wa mtu aliyetoa dola zake akakaa uwanjani, na hapo mambo yamepinduka.

Mwaka uliofuata hali ilizidi kuwa mbaya, na sababu yake yafaa ielezwe. Mwishoni mwa mwezi wa Juni 1966 walipiga Tokyo, katika ukumbi wa Budokan. Polisi wa Japani walikuwa wengi, na watu walikaa vitini kwa adabu. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu wapigaji wakajisikia wenyewe, nao wakatambua kwamba wamekuwa wabovu: sauti hazipatani, vidole vimezoea uvivu. Vilio vya miaka mitatu vilikuwa vimewafunika kama blanketi. Fundi ambaye kazi yake haikaguliwi huanza kwa kuacha msumari mmoja. Mwishowe huacha boriti.

Hali kadhalika santuri zao zilikuwa zimewaacha nyuma. Tarehe 5 Agosti 1966 walitoa santuri iitwayo Revolver, ambayo ndani yake mna kanda zilizochezwa kinyumenyume, na sauti zilizozungushwa na kupandishwa moja juu ya nyingine kwa mitambo ya studio. Juma moja baadaye walianza safari ya Marekani mjini Chicago. Na katika safari hiyo yote hawakupiga hata wimbo mmoja wa santuri hiyo. Hawakuweza. Watu wanne wenye magitaa matatu na ngoma hawawezi kuyafanya jukwaani mambo ambayo mafundi wa studio waliyafanya kwa mkasi na gundi. Mnunuzi wa tiketi alikuwa ameisikia Revolver nyumbani, akapigiwa nyimbo za mwaka jana na juzi.

Watu si wajinga sana. Tarehe 23 Agosti waliporudi Shea Stadium, tiketi elfu nyingi zilibaki bila kununuliwa. Na tarehe 29 Agosti, katika uwanja wa Candlestick Park, San Francisco, wenye viti 42,500, walikuja watu 25,000 hivi. Mwandalizi wa tamasha alipata hasara. Bendi ilipiga nyimbo 11 kwa muda wa dakika 33. Msemaji wao, Tony Barrow, alikuwa na mashine ndogo ya kunasia sauti, naye hakuigeuza kanda. Hivyo wimbo wa mwisho ukakatika katikati. Hilo ndilo lililokuwa tamasha lao la mwisho la kulipiwa.

Twapenda kuwatendea haki. Vijana hao waliposadiki kwamba wanachouza viwanjani si muziki, waliacha kukiuza, ingawa fedha zilikuwa bado zamiminika. Wengi waliokuja baada yao hawakufanya hivyo. Wala hatuwezi kusema kwamba kila aliyekuwapo Shea aliona amedhulumiwa. Wengi walikwenda kuona, na waliona. Na mpaka leo wapo wazee wanaojivuna kwamba walikuwapo siku ile, hata kama hawakusikia neno. Mtu akinunua tiketi ya kuwatazama watu mashuhuri wakitembea jukwaani kwa nusu saa, akawatazama, hadai kitu. Ila tiketi isiitwe ya muziki.

Watetezi wa bendi kubwa hupenda kusema kwamba kosa lilikuwa la vyombo, na vyombo vikatengenezwa, yakaisha. Ni kweli kwamba vilitengenezwa. Mwaka 1974 bendi ya Marekani iitwayo Grateful Dead ilisafiri na mlima wa spika mia kadhaa, uliopewa jina la Ukuta wa Sauti, wenye nguvu ya wati zipatazo 26,000. Bendi hiyo ilikuwa imejua machungu ya vyombo vibaya: katika tamasha la Woodstock mwaka 1969 walipiga juu ya jukwaa lililolowa mvua, umeme ukawashtua kila waliposhika magitaa na vipaza sauti, na wenyewe wakakiri kwamba walipiga vibaya. Waliokuwapo wakapata hasara ya kweli, lakini angalau bendi ilikwenda ikatafuta dawa.

Vyombo, basi, vilipatikana. Malalamiko hayakwisha. Tarehe 13 Julai 1985 yalifanyika matamasha mawili kwa siku moja, London na Philadelphia, ya kuchanga fedha kwa ajili ya watu wa Ethiopia waliokuwa katika njaa. Wanamuziki hawakulipwa. Huko Philadelphia, mbele ya watu wapatao 90,000 na mamilioni wengine kwenye televisheni, walipanda watu watatu waliosalia wa bendi ya Led Zeppelin, ambayo ilikuwa imevunjika mwaka 1980 baada ya kufa kwa mpiga ngoma wao, John Bonham. Walikuwa hawajapiga pamoja hadharani tangu wakati huo. Ngoma walipigiwa na watu wawili, Tony Thompson na Phil Collins. Na Collins alikuwa ametoka kupiga London mchana ule ule, akavuka bahari kwa ndege ya Concorde, akashuka na kupanda jukwaani bila kufanya mazoezi nao. Sauti ya Robert Plant ilikuwa imekauka. Gitaa la Jimmy Page halikupatana nyuzi. Wapiga ngoma wawili walikwenda kila mmoja na njia yake. Nyimbo tatu tu, nazo zilitosha kuwafedhehesha.

Mtu atauliza, yafaa kumlaumu mtu aliyetoa kazi yake bure kwa ajili ya wenye njaa? Sisi twajibu kwamba kazi ya hisani nayo ni kazi. Seremala akijitolea kutengeneza madawati ya shule, madawati yakavunjika siku ya kwanza, watoto wataanguka vile vile. Na wenyewe Led Zeppelin walilijua hilo kuliko walaumu wao. Mwaka 2004 tamasha lile lilipotolewa katika diski za kuuza, walikataa sehemu yao isiwekwe, wakaahidi kuchangia fedha kwa njia nyingine.

Lakini hadithi yao haikuishia hapo, nayo ndiyo sehemu itupendezayo zaidi. Tarehe 10 Desemba 2007 walikubali kupiga tena, usiku mmoja tu, katika ukumbi wa O2 mjini London, kumkumbuka Ahmet Ertegun, mwanzilishi wa kampuni iliyotoa santuri zao. Maombi ya tiketi yalifika mamilioni kwa nafasi zisizofika 20,000. Wangaliweza kupanda na kupiga lolote, na watu wangalilia kwa furaha. Badala yake walifanya mazoezi ya majuma kadhaa, pamoja na Jason Bonham, mtoto wa yule marehemu, wakapiga nyimbo 16 kwa muda wa saa mbili, na hata wakosoaji wenye ulimi mkali waliridhika. Vidole vilikuwa vimezeeka kwa miaka 22 tangu Philadelphia. Kilichoongezeka ni mazoezi, na nyuma ya mazoezi palikuwa na aibu iliyofanya kazi ya yule mwenye klabu wa Hamburg.

Mtu asiye na aibu hiyo hufanya nini? Mjini Montreal, Kanada, tarehe 8 Agosti 1992, watu zaidi ya 50,000 walikuja Uwanja wa Olimpiki kuzisikiliza bendi mbili, Metallica na Guns N' Roses. Metallica walikuwa katikati ya kazi pale moto wa fataki za jukwaani ulipomwunguza vibaya mwimbaji wao, James Hetfield. Akapelekwa hospitali na muziki ukakoma. Hapana mtu mwenye akili awezaye kuita hiyo dhuluma; hiyo ni ajali kazini. Watu walitazamia kwamba bendi ya pili itapanda mapema na kuziba pengo. Walingoja zaidi ya saa mbili. Mwishowe Guns N' Roses wakapanda, wakapiga kwa muda mfupi, kisha mwimbaji wao, Axl Rose, akilalamikia koo lake na vyombo, akaondoka kabla ya wakati, na bendi ikamfuata. Watu wakaghadhibika, wakavunja, wakachoma moto, polisi wakaingia. Hatusifu uvunjaji wa mali. Lakini wale waliowaita watu hao wahuni tu walisahau kuhesabu tangu walipolipa mpaka walipoachwa gizani. Bendi iliyokatizwa na moto haikutukanwa. Bendi iliyojikatiza yenyewe ndiyo iliyoleta ghasia.

Na liko lililo baya kuliko kuchelewa. Mwezi wa Julai 1989, huko Connecticut, Marekani, vijana wawili waitwao Milli Vanilli walikuwa wakicheza na kuimba jukwaani, pale kanda ilipokwama na maneno yale yale yakarudiwa na kurudiwa, vinywa vyao vikiwa havina la kufanya. La kustaajabisha ni kwamba watu wengi waliokuwapo hawakujali. Mwezi wa Februari 1990 vijana hao wakapewa tuzo ya Grammy. Na Novemba ya mwaka huo, ilipobainika kwamba hata katika santuri sauti si zao, wakanyang'anywa. Wale walioimba kwa kweli walilipwa wakafichwa. Kwa mtu anayeishi kwa kazi ya mikono yake, hiyo ndiyo sehemu ya kukasirisha: jasho la huyu, sifa ya yule.

Hapa kwetu Tanzania tuna historia yetu katika jambo hili, nayo haiko nyuma ya mtu. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake, NUTA Jazz, ambayo baadaye iliitwa JUWATA, kisha OTTU, na ndiyo iliyokuja kuwa Msondo Ngoma. Wanamuziki wake waliajiriwa kwa mshahara kama wafanyakazi wengine. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz. Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa na bendi zao. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, iliyokuja kuwa mali ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Bendi hizo zilipiga siku kadhaa katika kila juma, katika kumbi zile zile, mbele ya watu wale wale, na kiingilio kilitolewa mlangoni usiku ule ule. Vyombo vilikuwa haba. Katika miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika, waya wa gitaa ulikuwa kitu cha kuombwa kwa msafiri. Hata hivyo dansi lilichezwa mpaka usiku wa manane.

Na tena, santuri na dansi zilikuwa na uhusiano ulio kinyume kabisa na ule wa Revolver. Katika studio ya Radio Tanzania bendi nzima iliingia, ikapiga wimbo kwa pamoja kama ipigavyo ukumbini, ukanaswa. Wimbo ule redioni ulikuwa wa dakika chache. Aliyeupenda akaenda ukumbini Ijumaa, akaupata mrefu zaidi, magitaa yakijibizana, tarumbeta zikiingia pale wachezaji walipopamba moto, na mwimbaji akitaja jina la mtu aliyemwona mlangoni. Redio ilikuwa kionjo. Chakula kilikuwa ukumbini. Aliyefurahi alipanda jukwaani akamtuza mpiga gitaa palepale, mbele ya watu. Asiyefurahi alitoka, akavuka mitaa miwili kwenda kwa mahasimu, maana mji ulikuwa na bendi nyingi na kila moja ilikuwa na mtindo wake na majeshi yake ya wapenzi. Mwanamuziki akilewa Jumamosi, wanachama walimkuta barabarani Jumatatu. Hatusemi kwamba kila dansi lilikuwa zuri, wala kwamba mishahara ilitosha. Wanamuziki walihamahama mno kutafuta nafuu, na hiyo yatosha kuonyesha kwamba haikutosha. Twasema tu kwamba bendi ilijua inayempigia ni nani.

Baadaye ulikuja muziki wa kizazi kipya, ambao nao una mafundi wake na mashairi yake, na sisi si miongoni mwa wazee wanaoziba masikio. Lakini ulikuja na desturi ambayo vijana huiita pleibeki: mwimbaji hupanda peke yake, santuri yake mwenyewe ikapigwa pamoja na sauti yake ndani, naye akashika kipaza sauti na kurukaruka, akiimba neno moja na kuacha matatu. Mwanzoni palikuwa na udhuru, kwani kijana asiye na bendi wala fedha za kukodi vyombo hana njia nyingine ya kuanza. Udhuru huo unamfaa anayeanza. Haumfai mwenye jina, ambaye kiingilio chake kimepanda mara kumi na picha yake imebandikwa kila nguzo. Huyo akitumia pleibeki amefanya lile la Milli Vanilli, tofauti yake ikiwa tu kwamba sauti ni yake ya mwaka juzi.

Ndugu wasomaji wengine watatuuliza, basi tufanyeje? Hatuna dawa ya kila ugonjwa, lakini yapo mambo machache ambayo mlipaji aweza kuyataka bila kumkosea mtu heshima. Tangazo na liseme wazi kama bendi itapiga vyombo yenyewe au mwimbaji ataimba juu ya santuri. Na liseme saa ya bendi yenyewe kupanda, wala si saa ya kufunguliwa milango, kwa maana kati ya saa hizo mbili ndimo mauzo ya bia yanapofanyika na ndimo mfanyakazi wa zamu ya asubuhi anapopoteza usingizi wake. Vyama na matawi ya kazini yanayokodi bendi kwa sherehe zao yasilipe fedha zote kabla ya kazi. Nusu ya kwanza itangulie, nusu ya pili ifuate wimbo wa mwisho. Wenye kumbi waangalie vyombo mchana, kungali na mwanga.

Na muziki usipopigwa, kiingilio kirudishwe au tiketi ipewe siku nyingine. Waandalizi hupenda kusema kwamba jambo hilo haliwezekani, kwamba bendi ina safari, kwamba ndege haingoji. Mwezi wa Agosti 1966 The Beatles walikuwa wapige Cincinnati usiku wa tarehe 20. Mvua ikanyesha, jukwaa halikuwa na paa, na umeme katika maji ungaliweza kuwaua. Watu wakaambiwa waende nyumbani. Walirudi kesho yake saa sita mchana na tiketi zile zile, wakapigiwa. Ndipo bendi ikafunga vyombo, ikapanda ndege, na usiku ule ule ikapiga tena St. Louis, mvua ikiwanyeshea.